Marehemu alituachia nini? Somo juu ya kutafuta urithi kwa amani

Katika kazi yetu vijijini tunaona kwamba ugomvi wa mashamba hauanzi sikuzote kati ya makabila. Mara nyingi unaanza matangani, ndani ya jamaa moja.

Tuchukue mfano. Baba anafariki Butembo. Binti yake wa kwanza alikuwa amekimbilia Uganda. Anarudi baada ya miaka mitatu. Baba mdogo anamwambia: «Baba yako hakuacha kitu.» Lakini kwenye parsela kuna wapangaji. Akienda kwa hasira, damu inaweza kumwagika. Akinyamaza, watoto wake watarithi kinyongo tu. Afanye nini?

1. Atafute cheti cha kifo kwenye ofisi ya eta sivili, pamoja na hati inayoonyesha kwamba yeye ni mtoto wa marehemu. Bila karatasi hizi, milango mingi haifunguki.

2. Aulize habari za wasia. Unaweza kuwa umefanywa mbele ya notere au ofisa wa eta sivili, au umeandikwa kwa mkono wa marehemu mwenyewe, ukiwa na tarehe na sahihi. Hata maneno aliyosema mbele ya mashahidi akikaribia kufa, sheria inayatambua.

3. Atafute mali. Kwa parsela yenye hati, aende ofisi ya hati za ardhi. Kwa shamba la mila, amuone shefu wa kijiji na majirani wanaojua mipaka. Aulize banki na kopeki. Kama baba aliajiriwa, aulize CNSS (zamani INSS) juu ya haki za mjane na yatima.

4. Aulize pia madeni. Hayo hulipwa kabla ya kugawana.

Sheria inasema nini? Kodi ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi, kwa mafungu sawa. Haibagui msichana na mvulana. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anahesabiwa pia, kama baba alimtambua akiwa hai. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi.

Basi hata baba mdogo hafukuzwi: ana sehemu yake, lakini si yote. Neno hili, likisemwa kwa heshima mbele ya wazee, limepoza mioyo mingi. Jamaa ikikosa kupatana, shauri lipelekwe tribinali ya amani, si kwa wenye silaha.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:
– Kwetu, nani hunyimwa urithi mara nyingi? Kwa sababu gani?
– Je, watoto wako wanajua karatasi za parsela ziko wapi?