SOMO: DINI YA JIRANI KATIKA SHULE YA WAKATOLIKI, UGANDA



Safari hii somo letu linavuka mpaka kwenda Uganda. Katika mashamba ya miwa na ya chai huko, shule iliyo karibu na kambi mara nyingi ni ile iliyoanzishwa na wamisionari Wakatoliki. Mkata miwa Mwislamu hana nafasi ya kuchagua. Basi huuliza: je, mwanangu atabatizwa bila mimi kujua? Mkatoliki naye huuliza: kwa nini mwanangu afundishwe habari za Ramadhani?

Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa. Kufundisha dini ni kumlea mtoto katika imani: sala, katekisimu, komunyo ya kwanza. Hiyo ni kazi ya mzazi na kanisa lake, au msikiti wake. Kufundisha habari za dini ni kumweleza mtoto kwa nini jirani yake anafunga. Hiyo ni elimu, kama jiografia. Mwalimu asiseme kwamba Kanisa limemkataza, maana tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja.

Mahali pazuri pa kuanzia ni habari za Mashahidi wa Uganda, ambazo kila mtoto huzisikia ifikapo tarehe 3 Juni. Kati ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua Wakatoliki 22, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Lakini Waanglikana 23 nao waliuawa, na wengine wao waliteketea Namugongo pamoja na Wakatoliki, katika moto uleule. Tena miaka kama kumi kabla yao, Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga, aliwaua vijana Waislamu wa jumba lake. Walikuwa wamekataa kusali nyuma yake, kwa kuwa hakutahiriwa, na kula nyama ya wachinjaji wake. Uislamu ulifika Buganda mwaka 1844 kwa wafanyabiashara wa pwani; mapadre walifika 1879. Mwalimu anayesimulia habari za Wakatoliki peke yao amefundisha theluthi moja ya somo.

Yako na machungu. Tangu 1888 hadi 1892 watu wa dini hizo hizo walipigana wao kwa wao kugombea utawala wa Buganda, kwanza Wakristo na Waislamu, kisha Wakatoliki na Waprotestanti. Nayo yafundishwe, wala yasifichwe.

Sasa jambo la mtihani, ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi una karatasi ya Maarifa ya Jamii pamoja na Dini. Maswali ya dini huwekwa mawili mawili, moja la Kikristo na jingine la Kiislamu, na mtoto hujibu moja tu. Kama shule haina mtu wa kufundisha upande wa Kiislamu, mtoto wa Mwislamu hujibu la Kikristo ili asipoteze alama. Hapo hakuna aliyemlazimisha, lakini hakuwa na njia nyingine.

Kwa hiyo katika mkutano wa wazazi ulizeni: nani anafundisha upande wa Kiislamu, na kwa siku zipi? Wakati wa katekisimu, watoto wasio Wakatoliki hukaa wapi na hufanya nini? Msimtume mtoto kuuliza. Nendeni wazazi watatu au wanne, wa dini zote, kama mnavyokwenda kwa meneja.