Pakiti za Pokémon za Japani: mbona bei rahisi?

SWALI: Nakusanya kadi za Pokémon. Nimepata pakiti za Kijapani zenye bei ya chini kuliko za Kiingereza. Je, ni feki?

JIBU: Si lazima, ndugu yangu. Pakiti ya kawaida ya Japani huwa na kadi 5, ya Kiingereza 10, kwa hiyo linganisha bei ya kadi moja moja.

Igeuze kadi. Mgongo wa kadi za Kijapani za sasa haufanani na wa Kiingereza. Ukikuta maandishi ya Kijapani mbele na mgongo wa Kiingereza nyuma, umeuziwa bandia. Tazama pia herufi: zilizochapwa kwa ukungu ni dalili mbaya.

Kadi hizi zilianzia Japani mwaka 1996, na toleo la kwanza kabisa halikuwa na ile alama ndogo ya uadimu kwenye kona ya chini. Hizo ndizo wakusanyaji wakongwe wanazozisaka, na kwangu ndizo nzuri kuliko zote.

Ila kama unataka kushindana, nunua za Kiingereza. Mashindano rasmi ya Marekani na Ulaya hayaruhusu kadi za Kijapani.