Vyungu vya Wakisi

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, hukaa Wakisi. Wanawake wao ni mafundi mashuhuri wa kufinyanga. Mgeni afikapo kijiji cha Ikombe aweza kuwatazama wakifanya kazi, na kununua chungu mkononi mwa yule aliyekifanya. Vyungu vingine hupakiwa mitumbwini, vikapelekwa soko la Lyulilo, karibu na Matema.

Angalieni kazi yenyewe. Mfinyanzi huukanda udongo na kuondoa vijiwe, kisha huinua kuta za chungu kwa mikono yake. Akiisha kukilainisha, hukiacha kikauke. Hapa ndipo penye hatari. Maji yakibaki ndani ya udongo, moto huyageuza kuwa mvuke. Mvuke hutafuta njia ya kutoka, na chungu hupasuka. Kazi ya siku nyingi huwa vigae, na fedha ya chumvi na madaftari ya watoto haipatikani. Kwa hiyo mfinyanzi mwenye busara hungoja udongo ukauke kabisa, ijapokuwa siku ya soko ni kesho.

Mnunuzi naye hana budi kuwa na akili. Hukigonga chungu kwa kidole. Kikilia kwa sauti safi, ni kizima. Kikitoa sauti iliyofifia, huenda kina ufa usioonekana kwa macho.

Maswali
1. Kwa nini chungu kibichi hupasuka motoni?
2. Gongeni chungu kizima na chenye ufa. Sauti zao zatofautianaje?
3. Taja methali iifaayo kazi ya mfinyanzi.