Kiwanda cha Baba ni cha Nani?

Katika Bagamoyo ya Tukuyu, wilayani Rungwe (wala si ile ya pwani, ambayo wageni huifikiria kwanza), kama ilivyo katika miji midogo mingi ya nchi yetu, wapo watu walioanza na randa moja ya mkono, leo wana karakana. Mwingine alianza na cherehani, mwingine na mashine ya kusaga. Kiwanda si lazima kiwe na bomba refu la moshi. Pahali popote ambapo mtu anageuza mbao kuwa vitanda, au mahindi kuwa unga, na kuwalipa vijana watatu mshahara kila mwezi, hapo pana kiwanda.

Tunataka leo tufundishane juu ya swali moja ambalo wenye viwanda hivyo hulikwepa: siku mwenyewe akifariki, kitakuwa cha nani? Wengi hujibu upesi, "Cha watoto wangu." Jibu hilo ni jema, lakini halitoshi. Watoto wa nyumba ipi? Mama yao je? Na ndugu yule aliyetoa fedha za kununulia mota ya kwanza, yeye ana nini?

Tuanze na habari inayojulikana nchini kote. Marehemu Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza, na kwa miaka mingi alikuwa katika kampuni ya wahasibu ya Coopers & Lybrand ya Tanzania, hata akaiongoza. Miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya uhaba. Sabuni ilipangiwa foleni, na hata peni ya kuandikia ilikuwa shida kupatikana. Bwana Mengi aliona shida ile, naye akaanza kuunganisha peni nyumbani kwake Dar es Salaam, akinunua vipande kutoka nje na kuviunga. Mhasibu mwenye cheo, jioni anaunga peni nyumbani! Lakini peni zile ndizo zilizozaa mtaji. Baadaye lilikuja kundi la makampuni la IPP, na kiwanda cha soda cha Bonite pale Moshi, na maji ya chupa ya Kilimanjaro. Na katika miaka ya 1990 magazeti, redio na televisheni. Mwaka 1989 aliiacha kazi ya uhasibu ili ashike shughuli zake mwenyewe.

Twaisifu kazi hiyo bila kusita. Katika nchi ambamo watu wengi wamezoea kununua na kuuza tena vitu vilivyotengenezwa na wengine, mtu anayetengeneza ana heshima ya pekee.

Bwana Mengi alifariki Dubai mwezi wa Mei 2019, akazikwa kwao Machame. Aliacha mjane na watoto wadogo, na pia watoto wakubwa wa ndoa ya kwanza. Ukatolewa wosia wenye tarehe ya mwezi wa Agosti 2017. Upande mmoja wa jamaa waliusimamia, upande mwingine wakaupinga, na shauri likaenda Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Mwezi wa Mei 2021 Jaji Yose Mlyambina aliukataa wosia ule. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba watoto wakubwa walikuwa wameachwa nje ya urithi bila sababu ya haki, na kwamba mahakama haikuridhika juu ya hali ya marehemu, kwa ajili ya maradhi, wakati wosia ulipofanywa. Usimamizi wa mirathi wakapewa mwanawe na nduguye.

Si kazi yetu kupima mioyo ya jamaa hao, wala haimfai msomaji kufanya hivyo. Sisi twatazama jambo moja tu. Huyu alikuwa mhasibu; maisha yake yote alijua hesabu na karatasi, tena alikuwa na uwezo wa kumwita wakili yeyote amtakaye. Hata hivyo miaka miwili ilipita tangu kifo chake kabla ya mahakama kusema ni nani awe msimamizi. Ikiwa ilikuwa hivyo kwa mwenye makampuni, itakuwaje kwa seremala wa Bagamoyo ambaye daftari lake la madeni limo kichwani mwake?

Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na jawabu lao. Mali, ambayo hasa ilikuwa ng'ombe, haikwenda moja kwa moja kwa mwana. Ilikwenda kwa ndugu wa tumbo moja anayemfuata marehemu, hata ndugu wakiisha, ndipo irudi kwa mwana wa kwanza wa mkubwa. Aliyerithi ng'ombe alirithi pia mzigo: wajane, watoto, mahari za vijana waliokuwa wakingojea kuoa. Twaona hekima katika mpango ule. Ng'ombe walikuwa mikononi mwa mtu mzima anayejua kuchunga, wala hawakuangukia mtoto.

Lakini mashine si ng'ombe. Ng'ombe kumi hugawanyika kwa watu watano, na kila mmoja akaenda na wawili ambao watazaa. Mashine ya kupasulia mbao ukiigawa kwa watu watano, mmoja atachukua mota, mwingine msumeno, na wote watano wamepata chuma chakavu. Tena ndugu yeyote wa Rungwe alijua kuchunga. Si kila ndugu ajuaye kunoa msumeno wa mashine, kumlipa fundi, na kumwambia mteja kwa upole kwamba kitanda hakijakauka. Mara nyingi mrithi wa namna hiyo huuza mashine katika mwaka wa kwanza, naye hana nia mbaya. Hajui tu afanye nini nayo.

Sasa tuje kwenye sheria, na hapa tunamwomba msomaji asichoke, kwa maana hapa ndipo jamaa nyingi hupotea. Katika Tanzania Bara hakuna sheria moja ya urithi kwa watu wote. Ziko tatu. Iko ya Kiislamu kwa Waislamu. Iko ya mila, ambayo kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba iliandikwa na kutangazwa mwaka 1963. Na iko ile iliyotoka India, ya mwaka 1865, iliyopokewa tangu zamani za ukoloni.

Tazama tofauti. Tuseme seremala amekufa bila wosia, ameacha mke, wana wawili na binti. Kwa sheria ya 1865 mjane hupata theluthi moja, na watoto theluthi mbili, mwana na binti sawasawa. Kwa sheria ya mila ya 1963 mwana wa kwanza wa nyumba kubwa yuko katika daraja la kwanza, naye hupata fungu kubwa. Wana wengine daraja la pili. Mabinti daraja la tatu, fungu dogo kuliko yote. Mjane hana fungu lolote ikiwa marehemu ameacha watoto. Sehemu yake ni kutunzwa nao, kama yeye alivyowatunza. Mtu yule yule, karakana ile ile, na mama yule yule ambaye labda kwa miaka kumi na mitano ndiye aliyekuwa akipokea fedha za wateja, lakini katika sheria moja ana theluthi, na katika nyingine hana kitu.

Majaji wetu wameliona jambo hilo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu huko Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kama mwanamume anavyoweza. Na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake, katika shauri la wajane wawili wa Kitanzania waliofukuzwa nyumbani na jamaa za waume zao, ilisema kwamba kanuni hizo za mila zinawabagua wanawake.

Wengi katika wasomaji wetu hudhani kwamba kwa kuwa wamebatizwa na kufunga ndoa kanisani, basi sheria ya mila haiwahusu. Sivyo moja kwa moja. Mahakama hutazama namna mtu alivyoishi, na nia aliyoionyesha: je, aliishi kwa desturi za kabila lake, au aliziacha? Ndugu wa mume watasema aliishi kimila, mjane atasema aliishi Kikristo, na hakimu atawasikiliza wote wawili huku karakana imefungwa. Hata mahakama ya kwenda hutegemea jibu hilo, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya mila na ya Kiislamu tu. Zipo jamaa zilizohangaika mwaka mzima, mwishowe zikaambiwa zilianzia mlango usio wao.

Kuna kosa jingine, nalo ni kubwa. Watu huchanganya msimamizi wa mirathi na mrithi. Kikao cha ukoo kikishamchagua mtu, na mahakama ikampa barua, yeye hufikiri kwamba amepewa mali. Hakupewa mali; amepewa kazi. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa, na kutoa hesabu. Katika Mahakama ya Mwanzo anapaswa kuleta orodha ya mali na hesabu katika muda wa miezi minne. Katika Mahakama Kuu orodha huletwa katika miezi 6, na hesabu katika mwaka 1. Jamaa wanaojua tarehe hizi wanaweza kumwuliza msimamizi kwa adabu, "Baba mdogo, orodha imefika mahakamani?" Wasiozijua hungoja miaka minane, kisha hushtuka kusikia kwamba kiwanja kimeuzwa.

Je, pana njia ya kukinusuru kiwanda chenyewe kisivunjwe vipande? Ipo, nayo ndiyo waliyoifuata wenye viwanda wakubwa: kuifanya shughuli kuwa kampuni iliyoandikishwa. Kampuni ni mtu mbele ya sheria. Mwenye hisa akifa, kampuni haifi. Kinachorithiwa ni hisa. Mota hubaki juu ya msingi wake, fundi hulipwa mwisho wa mwezi, na warithi hugawana makaratasi wala si vyuma. Ikiwa hisa ni 100, mjane aweza kuwa na 40 na watoto watatu 20 kila mmoja, wala hapana msumeno uliokatwa.

Huko Uganda, Muljibhai Madhvani, aliyetoka India akiwa kijana, alianzisha kiwanda cha sukari cha Kakira mwaka 1930. Alifariki 1958. Mwanawe mkubwa Jayant akashika uongozi, naye akafariki 1971. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia, na jamaa ile ikapoteza kila kitu. Walirudi mwaka 1985 kukijenga upya. Kiwanda kilikiona kifo cha mwanzilishi, na cha mrithi wake, na hata kunyang'anywa, kikafufuka. Hatusemi kwamba karatasi za kampuni ndizo zilizofanya yote hayo, maana jamaa yenyewe ilikuwa na watu waliofundishwa kazi tangu ujana. Tena kampuni haizuii ugomvi. Makampuni ya Bwana Mengi yalikuwa yameandikishwa vizuri, na ugomvi ulikuja hata hivyo, kwa sababu hisa nazo ni mali, na mali huhitaji wosia ulio sawa.

Basi, wosia. Kanuni za mila za 1963 zinasema wazi. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wa maandishi, ikiwa mwenyewe ajua kusoma na kuandika, unataka wawili: mmoja wa ukoo, mmoja wa nje. Asiyejua kusoma huhitaji wanne. Mke aliyepo nyumbani naye hushuhudia. Kumnyima mrithi kwawezekana, lakini kwa sababu nzito tu, kama vile kutaka kumwua baba au kumtupa katika ugonjwa. Na sababu hiyo iandikwe, na mwenye kunyimwa apewe nafasi ya kujitetea. Wosia uliofanywa kwa siri hospitalini, mashahidi wake wote wageni, mtoto mmoja ameachwa kimya bila neno, huo ni mwaliko wa kesi.

Baba mwenye karakana na aandike akiwa mzima, mwaka ambao hakuna anayefikiria kifo chake. Aandike ni vitu gani ni vyake na vipi ni vya mkewe au vya nduguye. Mahakama ya Rufani ilikwisha sema mwaka 1983, katika shauri la talaka la Bi Hawa Mohamed, kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali. Aandike anadaiwa na nani, na anamdai nani. Amtaje yule kati ya watoto, awe binti awe mwana, ajuaye kuendesha mashine, na namna wengine watakavyopata faida yao bila kuisimamisha. Wosia huweza kuwekwa katika ofisi za RITA, au kwa wakili, au benki. Nakala moja ya orodha ya mali ikae nyumbani, na mama mwenye nyumba ajue sanduku lililomo, na ufunguo ulipo.