Picha Ndani ya Mstari: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wapiga Chapa wa Saiba, Kwa Reuben

Haya yanamhusu kila anayepiga chapa katika saiba za Mukuru kwa Reuben: jioni anaandaa kijitabu cha mazishi, asubuhi anatengeneza wasifu wa kijana anayetafuta kazi viwandani, Enterprise Road. Mteja amelipa pesa aliyoitafuta kwa jasho. Uso wa marehemu wake usitoke umebanwa wala umekatwa.

Fanya hesabu ya upana kwanza. Karatasi ya A4 ina sentimita 21. Toa pambizo mbili za 2.54, unabaki na 15.92. Aya ikisogezwa ndani kwa 1.27, una 14.65, ikisogezwa mara mbili, 13.38 tu. Picha iliyo ndani ya mstari huchukuliwa na programu kama herufi moja kubwa, kwa hiyo huanzia pale aya inapoanzia. Ukiiachia 15.92 kwenye aya iliyosogezwa mara mbili, ukingo wake wa kulia unafika mwisho kabisa wa karatasi, na printa nyingi hazichapi hadi huko. Sikio la mtu linabaki kwenye mashine.

Usisogeze picha kwa kugongagonga kibonye cha nafasi. Ukibadilisha fonti, kila kitu kinahama. Tumia rula iliyo juu ya ukurasa, au irudishe aya ya picha kwenye pambizo.

Usiweke picha kwenye aya yenye nafasi ya mistari iliyofungwa kwa kipimo kamili. Kosa hili ndilo linalowasumbua wengi, nao huishia kulaumu kompyuta. Katika Microsoft Word, mstari ukifungwa kwenye pointi 12, urefu wake ni takriban milimita 4. Picha ipo yote, ila unaona utepe wa chini tu: kola ya shati, pengine fundo la tai. Usiifute, usiipakie upya mara tano huku mteja amesimama nyuma yako. Bofya aya hiyo, weka nafasi ya mstari mmoja wa kawaida, na uso utajitokeza.

Vuta kona, kamwe usivute ubavu. Ukivuta ubavu mama wa watu ananenepa au anakonda, na familia itakiweka kijitabu hicho miaka mingi.

Mwambie mteja akutumie picha ya WhatsApp kama faili, kwa maana ikitumwa kawaida hupunguzwa. Pikseli 600 za upana, zikichapwa 300 kwa inchi, zinatosha sentimita 5 hivi. Ukiinyoosha ijaze ukurasa, utapata ukungu.

Andaa kijitabu katika ukurasa wa A5 tangu mwanzo. Ukikiandika kwa A4 kisha ukaamuru printa ibane kurasa mbili kwenye karatasi moja, kila kipimo hushuka hadi asilimia 71 hivi. Uso wa sentimita 5 unakuwa wa 3.5, na maandishi yanawashinda wazee kusoma.

Hifadhi kazi kila mara, stima haipigi hodi. Ukimaliza, toa nakala ya PDF, kwa sababu kompyuta nyingine isiyo na fonti zako itapanga mistari upya na kuzihamisha picha.

Usichape nakala mia kabla mmoja wa familia hajaishika ile ya kwanza, akatazama kila picha na kusoma jina lililo chini yake.