Ndege ya Mtumba kwa Viwanja vya Vumbi: Mafunzo Niliyopata

Ndege ya porini huchaguliwa na kiwanja itakachotua na fundi atakayeitunza. Rubani anakuja wa tatu, mwenye fedha wa nne. Hilo nimelifahamu kwa kutafuta, kwa niaba yangu na ya wenzangu watatu, ndege ya mtumba ya kutufikisha kule ambako gari hukwama masika yote: zahanati za pembezoni, kambi za watafiti, vijiji vilivyo kati ya Ziwa Natron na Ziwa Eyasi. Fedha tulichanga, na zilikuwa za jasho. Ninaandika kwa ajili ya yeyote anayekusudia kupita njia hiyo hiyo.

1. Anza na kiwanja kibaya kuliko vyote

Wengi huanza na picha za ndege. Sisi tuliorodhesha viwanja tulivyotarajia kutua, kisha tukachagua kile kibaya zaidi: kifupi, cha changarawe, kilima upande mmoja, joto kali kuanzia saa nne asubuhi. Kiwanja hicho ndicho kilichotuamulia mengi.

Sababu yake ni hewa. Uwanja wa ndege wa Arusha uko takriban mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, na ule wa Wilson, Nairobi, karibu mita 1,690. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Joto likifika nyuzi 30 pale Arusha, ndege huruka kana kwamba iko kwenye mita 2,250 hivi. Injini isiyo na tabochaja hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 za mwinuko, kwa hiyo injini iliyoandikwa nguvu za farasi 300 hutoa kama 230 tu mchana huo. Mabawa na propela navyo hupata hewa haba ya kushika. Ndege iliyopaa vizuri kwenye majaribio kule Mombasa haijakueleza lolote kuhusu nyanda za juu za Ngorongoro.

Mwenzetu mmoja aliipenda Cessna 210 kwa sababu ina mbio na magurudumu yake hukunjwa angani. Lakini magurudumu ya kukunja na matope havipatani. Tena mwaka 2019, karibu na Mount Isa nchini Australia, ndege ya aina hiyo iliyokuwa ikifanya upimaji kwa kuruka chini ilikatika bawa ikiwa angani. Mhimili unaopita juu ya kichwa cha rubani na kushika mabawa yote mawili ulikuwa na ufa ulioanzia kwenye kitobo cha kutu. Piper Super Cub, ambayo wahifadhi wa wanyamapori wa Kenya wameirusha miaka mingi, inatua karibu popote, ila hubeba watu wawili tu, na mgonjwa wa machela hana pa kulala. Tukabaki na Cessna 206: bawa juu, miguu isiyokunjwa, milango mikubwa ya mzigo nyuma.

Ukiitaka 206 ya mtumba, jiandae kukutana na mashine ya umri wako. Ilianza kutengenezwa miaka ya 1960, kiwanda kikasimamisha kazi hiyo mwaka 1986, kikairudia mwaka 1998. Nyingi ambazo watu wa kipato chetu wanaweza kuzifikia ni za kabla ya 1986.

2. Soma madaftari kabla ya kuitazama ndege

Rangi mpya hupakwa kwa wiki moja. Madaftari huandikwa kwa miaka arobaini. Yako ya aina tatu, la mwili wa ndege, la injini na la propela, na niliyaomba yote kabla ya kukata tiketi ya kwenda kokote. Muuzaji aliyeniambia daftari moja lilipotea wakati wa kuhama ofisi nilimshukuru, nikaendelea na mwingine.

Cha kwanza nilichotafuta ni mapengo. Madalali hupenda kutangaza kwamba injini ina saa chache tangu ifumuliwe na kujengwa upya, kana kwamba saa ndizo pekee zinazoizeesha. Injini ya Continental IO-520 iliyomo kwenye nyingi ya ndege hizi hupendekezwa kufumuliwa baada ya saa 1,700 au miaka 12, lolote litakalotangulia, na ile miaka 12 haikuwekwa kwa bahati. Injini iliyolala hukauka oili, unyevu ukaingia kwenye silinda, kutu ikashika chuma. Niliona daftari la ndege iliyoruka saa zisizofikia 100 katika miaka tisa, na bei yake ilikuwa juu kwa sababu hiyo hiyo. Mimi ningeichukua iliyoruka kila wiki na kubadilishiwa oili kwa wakati, hata kama saa zake ni nyingi.

Cha pili ni sentensi fupi zisizo na sababu. “Propela imebadilishwa.” Kwa nini? Ikiwa iligusa ardhi injini ikiwa inazunguka, mshtuko ule ulipita hadi kwenye krenkshafti, na daftari la injini lazima lionyeshe kwamba ilifunguliwa na kukaguliwa. Madaftari mawili yakisimulia tarehe moja kwa namna mbili, uliza hadi upate jibu linaloeleweka.

3. Fundi awe wako, umlipe wewe

Anayeitunza ndege ya muuzaji anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Bado ndiye atakayekagua kazi ya mikono yake mwenyewe. Sisi tulimlipa mzee aliyetumia maisha yake katika mahanga ya Wilson, tukamlipia na safari, na ile ndiyo fedha iliyotufaa kuliko zote tulizotoa.

Alifika na tochi, kioo kidogo chenye mpini na kipande cha turubai. Rangi hakuitazama. Alitandika turubai chini ya ndege, akalala chali, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniita: “Mwanangu, njoo ulale hapa uone.”

Alinionyesha bati linalotenganisha injini na chumba cha rubani. Kwenye Cessna 206 na Cessna 182, rubani akitua kwa gurudumu la mbele kwanza, pigo lote hupanda hadi kwenye bati hilo, nalo hujikunja. Wapo wanaolinyoosha na kulipaka rangi. Ribiti hazifichiki: nyingine zimelegea na kuacha mstari mweusi wa vumbi la chuma, nyingine mpya katikati ya za zamani. Tulirudi kwenye daftari kutafuta matengenezo hayo, hayakuandikwa popote. Ndege ile tuliiacha palepale, na sikuhitaji kugombana na mtu.

Kwenye ndege nyingine aliinua zulia la sakafuni na kunionyesha unga mweupe. Kutu ya alumini haina wekundu wa kutu ya chuma, ndiyo maana wengi huipita. Hukaa chini ya betri, kwenye pembe zinazoshika maji ya mvua, na mahali panya walipojenga, kwa kuwa mkojo wao hula bati. Ndege iliyoishi pwani hubeba chumvi pia. Kampuni ya Cessna yenyewe imetoa utaratibu maalumu wa kukagua kutu na uchovu wa bati kwa ndege zake kuukuu. Uliza kama umefanyika, maana kuufanya mara ya kwanza kunaweza kugharimu fedha nyingi na kufumbua mengine.

Kisha viti. Kiti cha rubani huteleza juu ya reli yenye matundu, na pini hukishikilia mahali pake. Matundu yakilika, kiti kinaweza kurudi nyuma ghafla ndege inapoinua pua, rubani akavuta usukani pasipo kutaka, na ndege ikapoteza uwezo wa kuelea karibu na ardhi. Watu wamekufa hivyo, na mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru reli hizo zikaguliwe. Mzee alipima kila tundu.

Matenki nayo yana mambo yake. Matoleo ya zamani hubeba mafuta katika mifuko ya mpira ndani ya mabawa. Mpira hukauka juani, hukunjana, na maji yaliyopenya kwenye kifuniko hubaki kwenye mikunjo bila kufika kwenye koki ya chini. Mzee alikinga mafuta kwenye chupa, yakawa safi. Akalitikisa bawa kwa nguvu, akasubiri, akakinga tena. Maji yakaonekana.

Injini aliipima kwa kuingiza hewa yenye shinikizo la psi 80 kwenye kila silinda na kusoma inayobaki. Nilidhani namba ndiyo hukumu. Yeye aliweka sikio: hewa ikivuma kwenye bomba la moshi, valvu ya kutolea moshi haizibi, ikivuma kwenye tundu la kujazia oili, ringi zimelika. Akapitisha kamera nyembamba kutazama valvu, akakata kichujio cha oili kwa msumeno na kutandaza karatasi yake juani, sumaku mkononi, akitafuta chembe za chuma. Kazi hiyo ilichukua siku nzima. Muuzaji asiyekubali siku hiyo moja hana haja ya kuendelea kusumbuliwa.

4. Pima mzigo kwa hesabu

Uzito wa juu wa kupaa wa Cessna 206 za miaka ya 1970 ni takriban kilo 1,633. Tangazo litakuambia inabeba watu sita. Weka ndege kwenye mizani: baada ya redio, viti na vipande vilivyoongezwa kwa miongo, yenyewe tupu inaweza kufika kilo 1,000. Mafuta ya saa tatu, kwa lita 60 kila saa, ni kama kilo 130. Rubani kilo 80. Zimebaki kilo 420 hivi, na hapo ndipo watu, dawa na mizigo yao watakapogawana. Kwenye kile kiwanja chetu kibaya, mchana wa joto, hata hizo 420 tusingethubutu kuzijaza.

Kuna jambo moja la milango ambalo kila mmiliki wa 206 anapaswa kulijua. Rubani ana mlango wake wa kushoto. Abiria wa nyuma hutokea kwenye milango miwili ya kulia. Flapu, vile vibawa vya nyuma ya bawa, zikiwa zimeteremshwa, ule wa mbele hukwama kwenye flapu usifunguke sawasawa. Abiria waelezwe namna ya kufungua ule wa nyuma kabla ya kila safari, kwa lugha wanayoielewa, kwa mkono juu ya kitasa.

5. Ulizia mafuta kabla ya bei

Ndege za pistoni hunywa avigesi, petroli yenye rangi ya buluu. Ndege za tabaini kama Cessna Caravan hutumia mafuta ya jeti, na hayo hupatikana viwanja vingi zaidi. Mbali na miji mikubwa huenda ukalazimika kupeleka avigesi yako mwenyewe kwa mapipa. Mafuta ya jeti yakimiminwa kwa makosa kwenye injini ya pistoni huiua, mara nyingi muda mfupi baada ya kupaa. Weka maandishi makubwa kwenye kila kifuniko cha tenki, na uwe pale mafuta yanapotiwa.

6. Makaratasi huvuka mpaka polepole kuliko ndege

Ndege yenye herufi 5Y imesajiliwa Kenya, 5H Tanzania, 5X Uganda. Haiwezi kusajiliwa nchi mbili kwa wakati mmoja: mamlaka ya kwanza lazima iifute ndipo ya pili iiandikishe, na cheti cha ubora wa kuruka kitolewe upya. Kila kilichobadilishwa kutoka kiwandani, iwe matairi makubwa ya porini, propela nyingine au tenki la ziada, kiwe na kibali chake cha maandishi. Usipokiona, mkaguzi wa mamlaka hatakiona pia. Mwanasheria naye achunguze kama ndege imewekwa rehani benki. Arubuni yetu ilikaa kwa mwanasheria hadi ukaguzi ulipokamilika, na kwenye mkataba tuliandika bayana hali zitakazoirudisha kwetu.

7. Tenga fedha za siku ya pili

Ndege huendelea kudai baada ya kununuliwa. Kila saa inayoruka tunaweka kiasi kwenye akaunti ya kufumua injini, ambayo hakuna anayeruhusiwa kuikopa. Kuna pia vitu vidogo vya huku kwetu. Nyigu hujenga udongo ndani ya mrija unaopima mwendo wa hewa, kwa hiyo kifuniko chake huvishwa mara injini inapozimwa, hata kwa chai tu. Fisi hutafuna matairi usiku, na simba pia. Ukilala porini, zungushia magurudumu matawi ya miiba.

8. Andikianeni kabla ya kulipa

Watu wanne wenye ndege moja wanahitaji karatasi: nani anairusha, nani analipa silinda ikipasuka, anayetaka kujitoa atauza hisa yake kwa nani. Sharti tulilolijadili kuliko yote lilikuwa la rubani. Mwenye hisa aliyeahidi watu mzigo ana njia nyingi za kumsihi rubani apae na kilo 50 za ziada, au atue huku mvua inaingia. Tukaandika kwamba rubani akikataa safari, mzigo au kiwanja, hakuna mwenye hisa atakayembishia siku hiyo, na gharama za kuchelewa tutazibeba wote wanne. Sahihi ziliwekwa kabla ya salio kulipwa.