Mtakatifu Fransisko na Ndege

Huko Pescia, nchi ya Italia, imo picha ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi akiwahubiria ndege. Bonaventura Berlinghieri aliichora mwaka 1235, miaka 9 tu baada ya Fransisko kufariki. Katanga nako, miaka ya 1950, Pili Pili Mulongoy wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, alichora ndege wa rangi tele, bila mtakatifu kati yao.

Fransisko aliwaita ndege ndugu zake, akawahimiza wamsifu Muumba aliyewavika manyoya. Wanawe Wafransisko walihubiri Kolwezi. Victor Keuppens, askofu wa kwanza wa jimbo hilo mwaka 1971, alikuwa mmoja wao.

Basi bundi akilia usiku juu ya paa, mkatekumeni asimkimbilie mganga wala asimshuku jirani. Bundi naye ni kiumbe cha Mungu, anawinda panya.